Moto bila moshi: Fahamu kilichomo ndani ya kapsuli ya nikotini

JE, msomaji, umewahi kumtazama mama wa pwani akifukiza udi? Haweki kipande cha udi juu ya kaa lililo jekundu. Hulingoja kaa lishike jivu kwanza, ndipo auweke udi wake juu ya lile jivu. Kaa likiwa tupu, udi hushika moto mara moja, chumba hujaa moshi, na badala ya manukato mnanusa kuni zinazoungua. Jivu likiwa katikati, joto hupanda kwa kiasi, mafuta yaliyo ndani ya udi hutoka polepole, na udi wenyewe hukauka taratibu bila ya kuwaka.

Tabaka jembamba la jivu, basi, ndilo linaloamua kama mtapata manukato au moshi.

Kampuni za sigara zimekuwa zikitafuta jivu lao kwa zaidi ya miaka 30. Mojawapo ya yale zilizoyapata ni kapsuli: kikopo kidogo kinachotoshea kwenye ncha ya kidole, na ndani yake mna matabaka ya tumbaku au ya nyuzi zilizolowekwa nikotini, bati jembamba la kupasha joto, na vifuniko vya kuzuia hewa. Kapsuli hiyo hutiwa ndani ya kifaa chenye betri. Mvutaji hubonyeza kitufe, hungoja kidogo, kisha huvuta. Hakuna kiberiti wala majivu, na kinachotoka mdomoni kinaonekana kama moshi ingawa si moshi.

Bidhaa za tumbaku ya kupashwa joto zimeenea zaidi Japani na katika nchi za Ulaya. Lakini vitu vya namna hii havikawii kutufikia. Vifuko vya nikotini vya kuweka chini ya mdomo viliingia madukani hapa Kenya mwaka wa 2019. Kwa hiyo ni vyema ufahamu mapema kilichomo ndani ya kapsuli, na hasa kila tabaka limewekwa kwa sababu gani. Ukilijua swali ambalo mtengenezaji alikuwa akilijibu, utaweza kuyapima mwenyewe maneno ya anayekuuzia.

Kuungua na kupashwa joto

Ncha ya sigara inapovutwa hufikia nyuzi karibu 900 za sentigredi. Katika moto huo jani la tumbaku huvunjikavunjika na kuzaa vitu ambavyo havikuwamo ndani yake: lami, gesi mbalimbali na kemikali zaidi ya 7,000, ambazo karibu 70 zajulikana kusababisha kansa. Mojawapo ya gesi hizo ni kaboni monoksidi, ile ile inayoua watu waliolala na jiko la makaa ndani ya chumba kilichofungwa madirisha. Gesi hii huzinyang'anya chembe nyekundu za damu nafasi ya kubeba oksijeni, nao moyo hulazimika kufanya kazi zaidi.

Nikotini yenyewe haihitaji moto mkali hivyo. Huchemka kwa nyuzi 247. Gliserini, maji matamu mazito yanayotumiwa kutoa ule ukungu mweupe, huchemka kwa nyuzi 290, na mwenzake propilini glaikoli kwa nyuzi 188. Ndiyo kusema kwamba ukiipasha tumbaku joto la kati ya nyuzi 200 na 350 unaweza kuifukuza nikotini itoke bila ya jani kushika moto. Kifaa kinachojulikana zaidi, IQOS cha kampuni ya Philip Morris, hufika hadi nyuzi 350. Vingine huenda chini ya hapo.

Hapa ni lazima tuseme ukweli wote. Tofauti ya kuungua na kupashwa joto si uwongo wa wauzaji. Pasipo moto kaboni monoksidi hupungua sana, na kemikali nyingi za kansa hupungua pia. Lakini "kupungua" si "kuisha". Tumbaku huanza kubadilika kabla ya kuwaka, kama vile chapati inavyogeuka rangi na kutoa harufu kabla ya kuungua. Nayo gliserini ikipata joto kupita kiasi huvunjika na kuzaa akrolini, kitu kinachowasha macho na kukereketa mapafu.

Tena si kila kisichowaka chenyewe kina nafuu. Ikumbuke shisha, ambayo wizara ya afya iliipiga marufuku hapa nchini mwaka wa 2017. Ukiichunguza, nayo ni mtambo wa matabaka: kaa juu, karatasi ya alumini yenye matundu, tumbaku iliyokandwa na asali ya miwa na gliserini, na maji chini. Tumbaku haiwaki. Ila kaa lililo juu yake linawaka, na kaboni monoksidi yake humshukia mvutaji kifuani. Karatasi ile haiwezi kuizuia gesi, wala maji hayaisafishi.

Kapsuli ya mwaka wa 1988

Mambo haya hayakuanza jana. Mwaka wa 1988 kampuni ya R.J. Reynolds ya Marekani iliuza kwa majaribio sigara iliyoitwa Premier katika miji ya St. Louis, Phoenix na Tucson. Kwa nje ilifanana na sigara yoyote. Kwenye ncha yake mlikuwa na kaa dogo, na nyuma ya kaa kapsuli ya alumini iliyojaa chembe ndogo mno zilizopakwa gliserini na dondoo ya tumbaku. Mvutaji aliliwasha kaa, joto likapenya kwenye alumini, chembe zikatoa ukungu.

Wateja waliikataa. Ilikuwa taabu kuiwasha, na wengi walilalamika kwamba harufu na ladha yake havivumiliki. Mapema mwaka wa 1989 iliondolewa sokoni. Kwa lugha ya udi, jivu lilikuwapo lakini kaa lilikuwa baya.

Kilichobadilisha mambo ni betri ndogo yenye nguvu, zao la simu za mkononi. Mwaka wa 2014 IQOS ilianza kuuzwa Nagoya, Japani, na Milan, Italia. Mwaka wa 2016 kampuni ya Japan Tobacco ilianza kuuza Ploom TECH mjini Fukuoka, na hii yafaa tuitazame kidogo. Nchini Japani maji ya nikotini huhesabiwa kuwa dawa na hayauzwi ovyo. Wahandisi wakaizunguka sheria hiyo kwa kuvigawa vitu viwili. Kifaa hugeuza maji yasiyo na nikotini kuwa ukungu, halafu ukungu huo hupita ndani ya kapsuli yenye chembe za tumbaku na kuibeba nikotini njiani kuelekea mdomoni. Kwa hiyo tumbaku yenyewe hupata joto la nyuzi kama 30 tu. Unaona, msomaji, kwamba umbo la kapsuli laweza kuamuliwa na sheria za nchi sawa na linavyoamuliwa na joto.

Kwa nini matabaka?

Tatizo la kwanza la mtengenezaji ni kwamba tumbaku ni kama pamba, haipitishi joto vizuri. Ukiishindilia ndani ya kikopo na kukipasha joto kwa nje, iliyo ukingoni itaungua huku iliyo katikati ikiwa bado baridi. Mpishi yeyote aliyewahi kuukaanga mkate mnene wa kumimina anaijua taabu hii: chini umekuwa mweusi, ndani ungali uji.

Kanuni yake ni kali kuliko wengi wanavyodhani. Unene ukizidi maradufu, muda wa joto kupenya hauzidi mara mbili bali mara nne. Unene ukizidi mara tatu, muda huwa mara tisa. Naye mvutaji hana subira. Pafu moja la sigara huchukua sekunde mbili hivi, na mtu aliyezoea sigara anataka pafu la kwanza lijibu mara moja.

Dawa yake ni wembamba. Tumbaku husagwa ikawa unga, ikachanganywa na gliserini, maji na gundi, kisha ikatandazwa na kukaushwa ikawa karatasi isiyofika unene wa milimita moja. Karatasi hiyo hukunjwa, hukatwa, au hupangwa tabaka juu ya tabaka. Katika michoro ya kapsuli za aina mpya, bati la kupasha joto halikai nje tena bali hulazwa katikati kama nyama ndani ya sambusa: tumbaku juu, bati, tumbaku chini. Bati hilo ni la chuma chembamba kilichokatwa kwa mikunjo kama njia ya nyoka ili umeme usafiri mbali ndani ya nafasi ndogo. Joto halisafiri safari ndefu upande wowote.

Chuma hicho kina kazi ya pili. Kadiri kinavyopata moto ndivyo kinavyozidi kuupinga umeme, na kifaa huweza kuupima upinzani huo na kujua joto limefika wapi. Mvutaji akivuta, hewa baridi huingia na kulipoza bati. Kifaa huongeza umeme. Akiacha, hupunguza. Mpangilio huo ukiharibika, au mtu akitumia kapsuli za bandia zisizolingana na kifaa chake, hakuna cha kuzuia joto lisipande hadi tumbaku iungue.

Tatizo la pili ni mpangilio wa kutoka. Umeona kwamba maji, propilini glaikoli, nikotini na gliserini havichemki kwa joto moja. Vikichanganywa tu na kupashwa, vyepesi hukimbia kwanza. Pafu la kwanza huwa na mvuke mwingi wa maji, nao huchoma ulimi. Pafu la tatu huwa tamu. La kumi halina kitu. Sigara haina shida hiyo, kwa sababu moto husogea nyuma polepole na kila pafu huikuta tumbaku mpya.

Matabaka ni njia ya kuiiga sigara katika jambo hili. Tabaka lililo karibu na bati huweza kuwa na mchanganyiko unaotoka upesi, na la nyuma mchanganyiko unaochelewa. Au kifaa huanza kwa joto la chini kisha hulipandisha hatua kwa hatua kadiri akiba inavyopungua. Lengo ni kwamba pafu la mwisho lifanane na la kwanza. Sasa jiulize ni nani anayehitaji hivyo. Mapafu yako hayahitaji. Ni ubongo uliozoea kipimo chake ndio unaodai kila pafu limtosheleze mwenye nalo.

Tabaka la nje kabisa, lile la karatasi ya alumini iliyofungwa kwa joto, lina kazi ya duka. Nikotini huharibika ikikutana na oksijeni, na gliserini hunyonya unyevu wa hewa kama chumvi inavyolowa msimu wa masika. Kwa hiyo kapsuli hufungwa kabisa, na kifaa huitoboa kwa sindano zake inapotiwa ndani. Hilo halina madhara. Lakini kumbuka kwamba kikopo kilichokwisha kutumika bado kina nikotini ndani, na tutarudi kwenye jambo hili.

Ukali uliotiwa lijamu

Nikotini katika hali yake ya asili ni kali kooni. Wanakemia huiweka katika jamii moja na magadi, nawe unajua magadi yanavyouma ulimi yakizidi kwenye githeri. Ukiyatilia magadi siki, ukali hufa. Vivyo hivyo nikotini ikitiwa asidi kama ya benzoiki au ya laktiki hugeuka chumvi, na koo halikereketwi tena hata kipimo kikiwa kikubwa.

Dunia ilijifunza maana ya jambo hili kwa sigara za kielektroniki za JUUL, zilizoanza kuuzwa Marekani mwaka wa 2015. Hizo hutumia maji, si matabaka ya tumbaku, lakini kemia ni ile ile. Nchini Marekani ziliuzwa zikiwa na miligramu 59 za nikotini kwa mililita, ilhali Jumuiya ya Ulaya hairuhusu zaidi ya 20. Kwa sababu hazikuwasha koo, watoto ambao wangekohoa na kuitupa sigara ya kwanza hawakukohoa. Kufikia mwaka wa 2019, uchunguzi wa serikali ya nchi hiyo ulionyesha kwamba asilimia 27.5 ya wanafunzi wa shule za sekondari walikuwa wakitumia sigara za kielektroniki.

Kukohoa ni mlinzi wa mlango. Kila asidi, kila mentholi, kila ladha ya embe inayotiwa katika kapsuli humlaza mlinzi huyo. Mentholi haipozi chochote. Huudanganya mshipa wa fahamu uamini kwamba kuna baridi. Ndiyo maana Jumuiya ya Ulaya ilizipiga marufuku sigara zenye vidonge vya ladha ndani ya kichungi, na mwaka wa 2023 ikakataza ladha katika tumbaku ya kupashwa joto pia. Kama ningeulizwa ni sehemu gani ya kapsuli inayofaa kuogopwa kwanza, singelitaja bati la moto. Ningetaja hii inayoufanya ukali uteleze.

Si moshi wala mvuke

Itazame birika ikichemka jikoni. Kati ya mdomo wa birika na lile wingu jeupe pana nafasi ndogo ambamo huoni kitu. Hapo ndipo mvuke wa kweli ulipo. Wingu jeupe unaloliona ni mvuke uliokwisha kupoa na kugeuka matone madogo ya maji.

Kapsuli hufanya vivyo hivyo. Gliserini na nikotini hutoka katika tumbaku zikiwa mvuke, hukutana na hewa baridi, na papo hapo hujikusanya kuwa matone. Matone hayo ni madogo kuliko sehemu moja ya elfu ya milimita, na kwa udogo huo hayanaswi puani wala kooni bali hushuka hadi kwenye vifuko vya mwisho vya mapafu. Kutoka huko nikotini huingia damuni na kufika ubongoni kati ya sekunde 10 na 20.

Kasi hiyo ndiyo ufunguo wa uraibu. Nikotini ya plasta inayobandikwa mkononi ni nikotini ile ile, lakini huingia polepole kwa saa nyingi, na ubongo haupati kishindo cha kuukumbuka. Ya kapsuli hufika kabla mtu hajakitoa kifaa mdomoni. Kemikali moja, njia mbili. Kwa njia moja humsaidia mtu kutoka, kwa nyingine humfunga ndani.

Ili ukungu usiunguze mdomo, njia yake lazima ipozwe. Katika vijiti vya IQOS watengenezaji waliweka utando mwembamba wa plastiki inayotokana na mimea, ili uyeyuke kidogo na kulinyonya joto. Wazo lilikuwa zuri. Lakini mwaka wa 2019 watafiti wa chuo kikuu cha California, Riverside, walichapisha uchunguzi ulioonyesha kwamba utando huo ulipopashwa joto ulitoa fomaldehaidi sianohidrini, ambayo ni sumu. Kumbe tabaka lililowekwa kumlinda mvutaji dhidi ya joto lilikuwa na lake la kumtilia kifuani. Kila kitu kinachoongezwa karibu na moto ni kitu cha kupimwa upya, hata kikiwa salama mezani.

Utafiti umeonyesha nini?

Mwaka wa 2017 madaktari wa Uswisi waliripoti kwamba ukungu wa IQOS ulikuwa na nikotini asilimia 84 ya ile ya sigara ya kawaida, pamoja na kaboni monoksidi na kemikali nyingine za kuungua, nyingi zikiwa kwa viwango vya chini. Kampuni yenyewe iliupinga uchunguzi huo. Mwaka wa 2018 watafiti wengine wa California waliwapima panya na kuona kwamba mishipa yao ya damu ilipoteza uwezo wa kutanuka baada ya kuvuta ukungu huo, karibu sawa na waliovuta moshi wa sigara. Panya si watu, lakini mishipa ya damu ndiyo mlango wa maradhi ya moyo na kiharusi.

Mwaka wa 2020 halmashauri ya chakula na dawa ya Marekani, FDA, iliiruhusu kampuni hiyo kusema kwamba mvutaji anayehama kabisa kutoka sigara hupata kemikali chache zenye madhara. Haikuiruhusu kusema kwamba maradhi hupungua, kwa kuwa hilo halikuwa limethibitishwa. Wauzaji wengi huichanganya ruhusa hiyo makusudi. Mwaka wa 2022 shirika la Cochrane lilikusanya majaribio yaliyokuwapo na kufikia hali hiyo hiyo: sumu chache mwilini kuliko za sigara, ila hakuna hata jaribio moja lililopima kama bidhaa hizi huwasaidia watu kuacha kuvuta. Na majaribio mengi yaligharimiwa na kampuni za tumbaku.

Kwa hiyo jibu lategemea wewe ni nani. Kama umevuta pakiti moja kwa siku tangu ujana na ukahama kabisa, bila ya kurudia hata sigara moja, kuna sumu utakazozipunguza. Tatizo ni kwamba wengi hawahami, huongeza. Kapsuli ofisini, sigara nyumbani, na mwili hupata vyote viwili. Kama hujapata kuvuta, hakuna hesabu yoyote inayokufaa, kwa sababu wewe hulinganishwi na mvutaji bali na mtu anayevuta hewa. Kwa kijana ambaye ubongo wake ungali unakua, jambo linaloendelea hadi umri wa miaka 25 hivi, na kwa mama mja mzito, nikotini yenyewe ni madhara bila ya kujali imepitia matabaka mangapi.

Kama nia yako ni kuacha, zipo njia zilizopimwa. Mwaka wa 2009 Shirika la Afya Duniani liliingiza chingamu na plasta za nikotini katika orodha yake ya dawa muhimu, na mwaka wa 2021 likaongeza vidonge vya vareniklini na bupropioni. Vidonge hivi vina masharti, hasa kwa mwenye kifafa, kwa hiyo muone daktari kwanza. Unaweza pia kupiga simu ya NACADA bila malipo kwa nambari 1192.

Nyumbani mwako

Sheria ya Kudhibiti Tumbaku ya mwaka wa 2007 inakataza kumuuzia aliye chini ya umri wa miaka 18 bidhaa ya tumbaku. Iliandikwa kabla ya kapsuli hizi, na mswada wa kuirekebisha uliofikishwa katika Seneti mwaka wa 2024 ulikusudia kuzileta bidhaa mpya za nikotini chini yake. Usingoje bunge. Ukikiona kifaa kama kalamu nene chenye shimo la kuchaji, au vikopo vidogo vya bati katika mkoba wa mtoto, usianze kwa fimbo. Muulize kwanza anakivuta mara ngapi kwa siku, na kama asubuhi hukitafuta kabla ya chai. Jibu la swali la pili litakuambia kama ni mchezo au ni uraibu unaohitaji tiba.

Walio hatarini zaidi ni watoto wadogo. Kapsuli iliyotumika hutupwa mezani kama ganda la peremende, na mtoto wa mwaka mmoja na nusu hutia kila kitu kinywani. Sigara moja tu huwa na miligramu 10 hivi za nikotini, na mvutaji hupata moja au mbili. Mtoto anayemeza hachujiwi na kitu. Isitoshe, vijiti vya aina mpya zilizoanza kuuzwa Japani mwaka wa 2021 vina kipande cha chuma ndani, na kipande hicho chaweza kumkata mtoto koo na matumbo.

Dalili za sumu ya nikotini ni kutokwa na mate mengi, kutapika, kupauka, jasho na moyo kwenda mbio. Baadaye mtoto hulegea, na pengine hupatwa na mtukutiko wa mwili. Usimtapishe kwa kidole, na usimpe maziwa wala mafuta. Yatoe yaliyobaki kinywani, mlaze ubavu kama amelegea, na mkimbize hospitalini hata kama anaonekana mzima. Chukua na pakiti, au hata hicho kikopo kilichotafunwa, ili daktari ajue ni kiasi gani cha nikotini na kama mna chuma ndani.